Rejesho la nne, friza na jogoo wa shukrani

Yaya mpendwa,

Ninakuandikia wewe, ndugu mkubwa unayejibu barua za wasomaji, kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, kwa sababu swali langu siwezi kumwuliza mtu wa nyumbani bila kukiri kwanza jambo ambalo nimelificha kwa karibu miezi minne. Ninauza makayabu, yaani samaki wa chumvi, na samaki wadogo wakavu katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na mume wangu ni dereva wa lori katika barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mshahara wake ni dola 280. Huitwa mshahara wa mwisho wa mwezi, lakini mara nyingi humfikia kati ya tarehe 8 na tarehe 12 ya mwezi unaofuata.

Mtoto wetu wa pili alishikwa na maumivu ya tumbo usiku, na asubuhi daktari akasema ni kidole tumbo, lazima apasuliwe siku hiyo hiyo. Mume wangu alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani na simu yake ilikuwa imezimika. Mtoto alipasuliwa, akapona, Mungu asifiwe, lakini hesabu ya hospitali ilifika dola 410 na hawakuturuhusu kutoka kabla ya kulipa, huku kila siku ya kitanda ikiongezwa juu ya deni. Mimi nilikuwa na dola 110 tu, kwa yule mama wa kadi anayepita kila asubuhi kukusanya akiba zetu sokoni. Ndipo nikaenda kwenye taasisi moja ya mikopo midogo, nikaomba dola 300 za kurudisha kwa miezi sita, dola 65 kila tarehe 5, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Kaka yangu mkubwa alisaini kuwa mdhamini, nami nikaandika kwamba mume yuko safarini.

Dirishani nilihesabu noti mara tatu, na mara zote zikawa 261. Waliniambia kwamba dola 9 ni za faili na dola 30 ni akiba ya lazima nitakayorudishiwa mwishoni. Kwa hiyo dola 39 zilizopungua kwa hospitali nilizitoa kwenye biashara. Mume wangu aliporudi akauliza nani amelipa, nami, kwa hofu, nikasema ni kaka yangu. Jumapili iliyofuata alibeba jogoo mkubwa akampelekea kaka kumshukuru, na kaka akampokea bila kusema neno.

Marejesho mawili ya kwanza niliyatoa kwenye mtaji wangu. La pili liliangukia wakati wa matanga ya mamamkwe, ambapo hakuna aliyeuza kitu nyumbani kwetu. Bidhaa zangu, ambazo zilikuwa za dola 180 hivi, leo hazifiki 70. Faida ya siku, ambayo ilikuwa dola 5 au 6, sasa ikifika 3 nashukuru. Kwa rejesho la tatu nilikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita banque Lambert ingawa hawana benki wala bango. Alinipa dola 70, nimrudishie 100 baada ya siku 30, na akanisainisha karatasi inayosema kwamba nimemuuzia friza yetu. Nilifika ofisini tarehe 5 na pesa kamili, lakini mhazini akakataa noti ya dola 20 kwa sababu ya mpasuko mdogo kama punje ya mchele. Nilipoibadilisha na kurudi kesho yake, walinitoza dola 5 za kuchelewa.

Sasa zimebaki siku tisa. Rejesho la nne na zile dola 100 vyote vinafika pamoja, na huyo wa mtaani ameshanitumia ujumbe kwamba nisipolipa atachukua friza na kunipeleka polisi, au nimpe dola 30 na zile 100 zisubiri mwezi mwingine. Ajenti wa taasisi naye amenishauri nichukue mkopo mpya wa dola 500 kwa miezi kumi, rejesho la dola 75, wakate deni la zamani na kinachobaki nikilipie cha Lambert na kujaza meza yangu sokoni. Anasema tofauti ni dola 10 tu kwa mwezi. Je, yaya, nichukue?

Mama wa makayabu

*

Mdogo wangu,

Usichukue. Nimeanza na neno hilo kwa sababu zimebaki siku tisa na sitaki ulitafute katikati ya barua ndefu, maelezo yanafuata.

Ajenti wako amekuonyesha dola 10 za tofauti na kuziacha hesabu nyingine mfukoni. Tuzitoe. Leo unadaiwa marejesho matatu ya dola 65, yaani 195, pamoja na dola 100 za mtaani, jumla 295. Ukichukua 500 kwa masharti yale yale, watakata dola 15 za faili, dola 20 za kuongezea ile akiba ya lazima ifike 50, na dola 195 za deni la zamani. Utatoka dirishani na 270, na ukimlipa wa mtaani utabaki na 170. Kisha utalipa dola 75 mara kumi, ambazo ni 750. Maana yake ni kwamba deni la dola 295 limegeuka kuwa la 750, na kwa tofauti hiyo ya dola 455 wewe umeona 170 tu mkononi, pamoja na dola 20 zilizowekwa akiba. Sisemi ajenti ni mtu mbaya. Ajenti wengi hupimwa kwa mikopo waliyoitoa na kwa marejesho yasiyochelewa, na mkopo mpya unaofunika wa zamani humpendezesha pande zote mbili kwenye ripoti yake.

Kuna jambo katika mkopo wa kwanza ambalo nadhani hukuelezwa, nalo ndilo linalowachosha wengi wanaokopa kwa muda mfupi. Riba yako ya asilimia 5 inahesabiwa kila mwezi juu ya dola 300 zote, si juu ya deni lililobaki. Katika kila rejesho la 65, dola 50 ni mtaji wa mkopo, yaani pesa yenyewe uliyokopa, na dola 15 ni riba. Ukifika mwezi wa sita utakuwa umebaki na dola zao 50 tu, lakini bado utalipa riba ya dola 15 kana kwamba unazo 300. Kama wangehesabu juu ya salio, kwa asilimia ile ile 5, rejesho lingekuwa dola 59 na senti chache, na riba yote ya miezi sita ingekuwa karibu dola 55 badala ya 90. Ukiongeza kwamba ulipokea 261 na si 300, gharama halisi ya mkopo wako inapita asilimia 10 kwa mwezi. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kusaini lilikuwa: riba inahesabiwa juu ya nini, na mkononi nitapewa kiasi gani? Sikulaumu, mwenye mtoto aliyezuiliwa hospitalini haulizi maswali ya hesabu. Ninakuandikia kwa ajili ya mara nyingine, na kwa ajili ya wenzako wa sokoni watakaosoma.

Hesabu hiyo ina faida hata leo. Umelipa mara tatu, kwa hiyo mtaji uliobaki ni dola 150, na zile 45 zilizo juu yake ni riba ya miezi ambayo bado haijafika. Ajenti alipokuambia kwamba watakata deni la zamani, je, angekata 150 au 195? Mimi nimehesabu 195 kwa sababu ndivyo wengi wanavyofanya. Muulize, naye akujibu kwa maandishi. Siku yoyote utakayoweza kumaliza mapema, jibu hilo litakuwa na thamani ya dola zako.

Sasa tuje kwenye siku tisa. Kati ya madeni mawili, la mtaani ndilo la kuzima kwanza, na lizimwe lote. Dola 30 za kusubirisha ni mtego mtupu: unazitoa, na mwezi ujao deni liko pale pale, dola 100 kamili. Ile karatasi ya friza ndiyo inayonitisha zaidi kuliko polisi. Mkopeshaji wa namna hii hapendi kuandika neno mkopo; anaandika mauzo, ili siku ya ugomvi aseme anachukua mali yake mwenyewe. Kwa hiyo usimlipe barabarani wala kwa simu. Mlipe mbele ya kaka yako na shahidi mwingine, akurudishie karatasi yenyewe, si nakala, kisha uichane hapo hapo.

Kuhusu polisi, tulia. Nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire, ilijiunga mwaka 1976 na Mapatano ya Kimataifa ya Haki za Kiraia na Kisiasa, na kifungu cha 11 cha mapatano hayo kinasema kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Deni ni shauri la madai. Najua kwamba karatasi za wito huandikwa hata hivyo, na kwamba wengine hulipa kwa hofu ya kulala kituoni siku moja. Ndiyo maana nataka uwe na shahidi, na uuhifadhi ule ujumbe wake wa vitisho. Hata taasisi yenyewe haina ruhusa ya kumtuma ajenti abebe vitu nyumbani kwako kwa mikono yake. Sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambazo zinatumika nchini kwetu tangu mwaka 2012, zinataka mali ya mdaiwa ikamatwe na afisa wa mahakama mwenye hati halali.

Pesa zitoke wapi? Mamamboga na mamasamaki wa Kenya ninaowafahamu hawakosi likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, nami ningeshangaa kama wewe huna yako. Tuseme mko kumi na kila mmoja anatoa dola 20 kwa mwezi: anayepokea anapata 180 za wenzake. Kama zamu yako iko mbele, mwendee yule ambaye zamu yake ni ya mwezi huu, au ya karibu zaidi, umwombe mbadilishane. Jambo hili hufanyika kila mara kwa ajili ya ugonjwa na matanga, nawe umepata vyote viwili ndani ya miezi minne. Nenda kwanza kwa mama anayeshika daftari, si kwa kila mtu, kwa sababu kazi yake ni hiyo na yeye ndiye anayejua nani ana haraka na nani hana. Dola 180 zinalipa 100 za mtaani na 65 za tarehe 5; zinabaki 15. Meza yako haitajaa kwa dola 15, nakubali, lakini pesa hizi hazina riba, na dola 20 utakazoendelea kutoa kila mwezi ungezitoa hata hivyo.

Likelemba ikishindikana, uza friza wewe mwenyewe kwa bei ya soko, umlipe mkopeshaji 100 zake, na kinachobaki kiwe chako. Itauma. Lakini akiichukua yeye, hutaona hata faranga moja ya thamani iliyozidi deni lake. Kwa hili, hata hivyo, itakubidi useme na mume wako, maana friza haitoki nyumbani kwa siri, nami kwa vyovyote naona umefika wakati wa kusema naye.

Yule jogoo, mdogo wangu, ndiye aliyenifanya nisome barua yako mara mbili. Mume aliyebeba jogoo mwenyewe hadi kwa shemeji yake kwa sababu mtoto wake amepona si mume wa kukimbiwa. Unayeogopa kumwambia ni mtu ambaye ameshaonyesha jinsi anavyopokea habari ya deni la hospitali: alishukuru. Kitakachomuumiza ni uongo, na uongo huo unakua kila tarehe 5. Mwambie akiwa amekwisha kula na kupumzika, si siku aliyoshuka kwenye lori, na umwekee mbele kijitabu cha marejesho ili aone kwamba nusu imeshalipwa. Kaka yako awepo, au angalau ajue siku hiyo, kwa maana naye amebeba shukrani isiyo yake na tena ni mdhamini: ukishindwa kulipa, baada ya wewe kudaiwa rasmi bila matokeo, taasisi itamgeukia yeye.

Kuna pia upande wa sheria, ambao wengi wanauelewa nusu. Sheria ya 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia iliondoa ile ruhusa ya mume ambayo mke alipaswa kuwa nayo zamani kabla ya kusaini mkataba. Lakini sheria hiyo hiyo inataka wanandoa, mume na mke sawasawa, wakubaliane juu ya mikataba inayowafunga. Kuandika kwamba mume yuko safarini kulikusaidia siku ile. Siku ya ugomvi kunaweza kukudhuru.

Ukiwa na mume upande wako, nenda ofisini kabla ya tarehe 5, si baada yake. Anayefika kabla ya kuchelewa husikilizwa kama mteja, na anayefika baada ya kuchelewa husikilizwa kama mtoro. Omba mambo mawili. La kwanza ni kwamba tarehe ya rejesho ihamishwe kutoka tarehe 5 hadi 15. Tazama tena ulichoandika: mshahara wa nyumba yenu unaingia kati ya tarehe 8 na 12, na rejesho linadaiwa tarehe 5. Ulisaini mkopo ambao kila mwezi unakutaka ulipe kabla pesa haijafika, na kwa hiyo kila mwezi pesa ilitoka kwenye samaki. Nadhani kosa hili la tarehe limekugharimu zaidi kuliko riba yenyewe, kwa sababu riba ilikula dola 15 kwa mwezi, lakini mtaji uliotoka mezani ulikula faida yako ya kila siku. La pili ni kwamba dola 30 za akiba ya lazima zihesabiwe kwenye rejesho la sita, ili mwezi huo ulipe 35 tu. Wakikubali kubadilisha tarehe, kaka yako kama mdhamini aarifiwe, na mabadiliko yaandikwe kwenye jedwali la malipo lenye muhuri. Ahadi ya mdomo ya ajenti huondoka naye anapohamishiwa ofisi nyingine.

Wasipokubali tarehe, bado rejesho la tano na la sita yaanzie kwenye mshahara wa mume wa mwezi uliotangulia: mshahara ukiingia tarehe 10, dola 65 ziwekwe pembeni siku hiyo hiyo, zisubiri tarehe 5 inayofuata. Faida yako ya dola 3 iache ijenge meza upya, hata kama ni kilo moja ya makayabu kwa wiki. Mkopo wa biashara unaweza kulipwa na biashara kwa sababu ulinunua bidhaa. Mkopo wa hospitali haukununua kitu cha kuuza, kwa hiyo lazima ulipwe na pato ambalo lilikuwepo kabla yake, nalo kwenu ni mshahara.

Neno moja juu ya faranga, kwa sababu wewe unauza kwa faranga na kudaiwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu na faranga 2000. Mwaka huo ulipokwisha ilikuwa imepita 2600. Aliyekopa dola 300 mwanzoni mwa mwaka ule alijikuta analipa makumi ya maelfu ya faranga ambayo mkataba haukuyataja, bila riba kuongezeka hata kidogo. Kiwango kinaweza pia kushuka, nawe ukafaidika, lakini mwenye meza ya samaki hana kifua cha kucheza mchezo huo. Usingoje tarehe 4 ndipo ukimbilie kwa wabadilishaji wa pesa. Nunua dola kidogo kidogo kadiri unavyouza, na kila noti uigeuze pande zote mbili kwenye mwanga kabla ya kuipokea. Unajua sasa punje ya mchele inagharimu kiasi gani.

Kwa wasomaji wengine ambao bado wako kwenye kiti cha hospitali na hawajasaini popote: ombeni kwanza kuonana na mhudumu wa jamii au msimamizi wa hospitali, mpendekeze kulipa kwa awamu na kuacha mdhamini. Hospitali nyingine hukataa, nyingine hukubali, lakini awamu za hospitali kwa kawaida hazina riba, na kuuliza hakugharimu kitu.

Mdogo wangu, anza na mama wa daftari, leo jioni soko likifungwa. Kesho muulize mume anarudi lini kutoka Kasumbalesa. Na ukienda kumlipa yule wa mtaani, beba noti zisizo na mpasuko, ili asipate sababu ya kubaki na karatasi ya friza hata siku moja zaidi.

Yaya